Birimbi Kwenye Blenda

Birimbi moja kwenye mchuzi wa samaki halimdhuru mtu. Mawili matatu ya achari pembeni ya wali, vivyo hivyo. Ule ukali wenyewe ni mlinzi: ulimi unakataa mapema, kabla tumbo halijapokea mengi. Sasa chukua mabirimbi ishirini, yatie kwenye blenda, kamua, chuja kwa kitambaa, unywe asubuhi kabla hujatia kitu kinywani kwa kuwa umesikia yanakata mafuta kwenye damu. Tunda ni lile lile, mti ni ule ule wa uani kwa jirani Magomeni, lakini ulichokunywa si kiungo cha mboga tena.

Mwaka 2013 madaktari wa Kerala, India, walichapisha taarifa za wagonjwa 10 ambao figo zao zilifeli ghafla baada ya kunywa juisi ya birimbi, na saba kati yao walilazimika kusafishwa damu kwa mashine. Kilichowapata kinaeleweka vizuri. Birimbi limejaa asidi ya oksaliki. Asidi hii ikikutana na kalsiamu ya chakula ndani ya utumbo, hushikana nayo na kutoka na choo. Ikikuta tumbo tupu, inaingia kwenye damu na kushikana na kalsiamu huko huko, na figo ndizo zinazopokea chembechembe ngumu zinazoziba mirija yake myembamba. Dalili za mwanzo hazitishi: kichefuchefu, mgongo kuuma, kwikwi. Kisha mkojo unapungua. Kwa mtu anayeshinda juani Dar mwezi wa pili, kondakta au dereva wa bodaboda ambaye mwili wake tayari umekauka maji, hali hiyo hufika upesi zaidi.

Mchicha mbichi unaosagwa kwa glasi nzima kila siku una tatizo la aina hiyo hiyo, kwa kiwango kidogo. Kuuchemsha na kumwaga maji kunapunguza sana oksaliki. Kuusaga mbichi kunaibakiza yote. Na yule ndugu yake birimbi, lile tunda ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, mtu mwenye ugonjwa wa figo asiliguse kabisa, hata kipande. Lina sumu ya neva ambayo figo nzima huitoa bila shida, lakini figo mbovu inashindwa, na mgonjwa huanza kwikwi zisizokoma, kisha anachanganyikiwa, kisha degedege.

Nimeanza na birimbi makusudi kwa sababu hakuna anayeliogopa. Tukisema sumu, mawazo yanakimbilia miti ya porini na mambo ya wachawi. Ninachokiona mimi ni kwamba hatari kubwa mjini iko kwenye kukamua kwenyewe. Mganga anayejua kazi yake hukupa kipimo: mzizi wa unene wa kidole, maji kifuu kimoja, siku tatu, uache. Blenda haina kipimo. Majani ambayo usingeweza kuyatafuna hata kumi unayanywa mia kwa dakika moja, mabichi, bila kupita motoni.

Linganisha na mseto wa malaria, ambao sehemu yake moja, atemetha, asili yake ni mmea wa Artemisia annua kutoka China. Kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini, na idadi ya vidonge hupangwa kwa uzito wa mgonjwa. Glasi ya majani uliyokamua leo na ile ya kesho kutoka mti ule ule hazilingani: umri wa jani, mvua, udongo, saa ya kuchuma, vyote hubadilisha nguvu yake.

Halafu kuna hili la uchungu. Tumelelewa kwamba dawa lazima iwe chungu, na mtoto akikunja uso tunamwambia "kunywa, ndiyo dawa hiyo". Kwa mumunye, imani hii inaweza kuua. Mumunye la kawaida halina uchungu. Likiwa chungu, lina kukabitasini nyingi, sumu ya jamii ya maboga na matango, na mara nyingi ni kwa sababu mbegu yake ilichanganyika na kibuyu mwitu au mmea uliteseka kwa ukame. India, ambako juisi ya mumunye hunywewa sana kwa ajili ya kisukari na presha, watu wamekufa, hadi Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo likaunda kamati ya kulichunguza jambo hilo. Mgonjwa hutapika ndani ya saa chache, wakati mwingine damu, anaharisha, presha inaanguka. Kupika hakuondoi sumu hii. Kwa hiyo kabla hujasaga, kata kipande chembamba upande wa kikonyo, kiguse kwa ulimi, tafuna kidogo, tema. Ukisikia uchungu, tupa tunda lote, usiwape hata kuku.

Shubiri nayo. Ukikata jani la mshubiri utaona vitu viwili: ute mweupe unaong'aa katikati, na maji ya njano yanayochuruzika karibu na ganda. Hayo ya njano ndiyo yaliyozaa msemo "chungu kama shubiri". Yana aloini, dawa kali ya kuendesha. Mtu akinywa juisi ya jani zima kwa wiki kadhaa "kusafisha tumbo", anaharisha mpaka potasiamu inashuka, miguu inalegea, moyo unaanza kupiga vibaya. Marekani iliondoa shubiri kwenye dawa za kuendesha zinazouzwa bila cheti mwaka 2002, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka dondoo ya jani zima kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kwa anayetaka ute wa kupaka kwenye ngozi: kata jani chini kabisa, lisimamishe kwenye kikombe upande uliokatwa ukiwa chini, robo saa mpaka njano iache kutoka, osha, menya ganda lote, osha tena ute. Hiyo ni ya kupaka. Ya kunywa nashauri uache, na mjamzito aache kabisa. Tena mishubiri inayoota yenyewe vichakani si ile ya kwenye chungu cha maua; Afrika ina aina nyingi sana za mishubiri, na chache kati yake zina sumu inayopooza misuli.

Sasa watoto wachanga, na hapa ninaomba bibi na mashangazi wanisikilize vizuri kwa sababu ndio wenye sauti nyumbani. Mtoto analia usiku, tumbo limejaa, mtu anasema ana mchango, majani yanatwangwa, kijiko cha chai kinaingia kinywani. Kijiko cha chai ni mililita 5. Mtoto ana kilo 5, mama yake kilo 60. Kwa uzito, kijiko kile ni sawa na mama kunywa mililita 60 kwa mkupuo, robo glasi ya majani mabichi yaliyokamuliwa. Na ini la mtoto wa wiki tatu bado halijaweza kazi ambayo ini la mama linaifanya. Mafuta ya mbegu za mwarobaini ndiyo mfano mbaya kuliko yote: mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto walionyweshwa mafuta hayo kama dawa wakaanza kutapika, kulala usingizi mzito, kupumua harakaharaka na kupata degedege, ini na ubongo vikiwa vimeathirika. Mtu mzima aliyewahi kunywa chai ya majani ya mwarobaini akapona homa hana ushahidi wowote kuhusu mafuta ya mbegu kwa kichanga. Sehemu ya mmea ni tofauti, mwili ni tofauti. Chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hayahitajiki.

Na ikishatokea, kinachochelewesha matibabu ni mazungumzo haya, ambayo hurudiwa kila siku kwenye mapokezi ya hospitali:

"Mama, mtoto amepewa nini?"

"Hajapewa kitu, daktari. Ananyonya tu."

"Hata dawa ya kienyeji kidogo?"

Mama anamtazama mama mkwe. Mama mkwe anatazama chini.

Daktari anaanza kutafuta malaria, anatafuta homa ya uti wa mgongo, saa mbili zinapita. Daktari akiuliza "mmetumia miti gani, jani au mzizi, vijiko vingapi?", anataka kuokoa mtoto. Mama mkwe, sema. Kama hutaki kusema mbele ya watu, mwite muuguzi pembeni.

Kutwanga kuna tatizo lake la pekee. Mturituri unazaa zile punje nyekundu zenye doa jeusi ambazo watoto huzitunga shanga. Majani yake ni matamu na watu huyatumia kwa kikohozi. Punje ina abrini, sumu kali mno. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu mara nyingi huipitisha hadi chooni bila madhara. Ikitwangwa au kutafunwa, ganda limevunjwa na sumu yote imetoka. Mbegu za mnyonyo ni hivyo hivyo, zina sumu iitwayo risini. Mafuta ya mnyonyo ya dukani ni salama kwa sababu risini haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye makapi, na joto la kiwandani huiharibu. Ukizitwanga mwenyewe nyumbani na kuchanganya na maji, umefanya kinyume cha kiwanda: umeyachukua yale makapi na kuyanywa.

Tukija Kariakoo. Mizizi imepangwa mafungu mafungu, imekatwa vipande vya urefu wa kidole, imekauka, haina jani wala ua. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado asijue, kwa sababu naye ameletewa kwenye gunia. Hapo ndipo mtandamboo na msunguti vinapokutana. Mtandamboo ni ule ambao watu wa Loliondo huuita mugariga, uliopata umaarufu mwaka 2011 Mchungaji Ambilikile Mwasapile alipokuwa akitoa kikombe kwa shilingi 500 kijijini Samunge. Msunguti ni mti wa sumu ya mishale. Ukiiona ikiwa hai utadhani ni mtu na mdogo wake: majani yanakaa mawilimawili yakitazamana, maua meupe yenye harufu nzuri, utomvu wa maziwa, matunda yanayoiva yakawa meusi ya zambarau. Kinachoitenganisha upesi ni mwiba. Mtandamboo una miiba mikali pale majani yanapoanzia, msunguti hauna. Ukishakata mzizi vipande, mwiba ulibaki porini. Msunguti una sumu iitwayo wabaini, inayoshika pampu za chembe za misuli ya moyo. Moyo unapiga polepole, unaruka mapigo, unasimama. Ndiyo maana mimi sinunui mzizi usiokuja na tawi lake, na muuzaji mzuri haoni tabu ukimwomba akuletee tawi lenye jani na ua safari ijayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na Muhimbili ina taasisi ya tiba asili ambayo kazi yake ilianza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Mimea inatambulika ikipelekwa ikiwa kamili.

Sumu za moyo za jamii hiyo ziko pia kwenye ile miti ya uzio yenye maua ya manjano kama tarumbeta ndogo, na kwenye waridi la jangwani linalouzwa kwenye vitalu vya miche kando ya barabara. Hilo la mwisho Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao. Ni maua mazuri, yapandwe, yasikamuliwe.

Mnanaha (datura) huchanganya watu kwa namna nyingine. Hutumika kwa pumu, na kweli una atropini na skopolamini ambazo hulegeza mirija ya hewa. Lakini nafasi kati ya kupumua vizuri na kuweweseka ni ndogo mno. Mgonjwa anakauka kinywa, ngozi inakuwa ya moto na nyekundu bila jasho, anashindwa kukojoa, anazungumza na watu wasiokuwepo, anaokota vitu hewani. Nyumbani watasema amepandisha mashetani, na kuna watakaompeleka kwa mganga wa pili ili ampunge. Washa tochi ya simu, mmulike machoni. Mboni zikiwa kubwa na hazipungui kwa mwanga, na kinywa kikiwa kikavu, hiyo ni sumu, aende hospitali sasa hivi.

Utomvu wa mnyaa, ule mmea wa uzio usio na majani, watu huutia kwenye chunjua na kwenye jino bovu. Tone moja likirukia jicho, kioo cha jicho kinaungua na maumivu huzidi baada ya saa kadhaa. Osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 30, kope zikiwa zimeshikwa wazi, kisha nenda kwa daktari wa macho hata kama maumivu yametulia. Wala usitie maji ya jani lolote juu yake. Utafiti wa vidonda vya jicho uliochapishwa mwaka 1994 hapa Tanzania uliona karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne alikuwa ameshatia dawa ya kienyeji jichoni.

Dawa za kuongeza uchungu kwa mama anayejifungua nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa jibu ni moja: zisitumike. Mji wa mimba ukibana mfululizo bila kupumzika, mtoto anakosa hewa, na mji wenyewe unaweza kupasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Hospitali ina dripu inayoweza kufungwa ndani ya sekunde. Kikombe kikishamezwa hakifungwi.

Wanaotumia vidonge kila siku wawe makini hata na vitu vya sokoni. Juisi ya balungi huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa kama nifedipini ya presha na kabamazepini ya kifafa, na zuio hilo hudumu zaidi ya siku moja. Kidonge kile kile kinageuka kama viwili. Karela iliyokamuliwa inashusha sukari kweli, na ndilo tatizo lenyewe ukiichanganya na glibenklamaidi, kidonge cha kisukari: sukari inaporomoka usiku ukiwa umelala.

Mtu akishakunywa kitu na hali ikabadilika, usimtapishe. Utomvu uliounguza koo ukishuka utaunguza tena ukipanda, na aliyelegea anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Usimpe maziwa, mafuta, chumvi wala mkaa wa jikoni. Mkaa unaotumika hospitali umetengenezwa maalumu, mtu mzima hupewa kama gramu 50, na hufaa zaidi ndani ya saa moja ya kwanza. Asukutue, ateme. Mlaze ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Akiwa anasinzia asipakiwe bodaboda kati ya watu wawili, shingo itaanguka na njia ya hewa itaziba. Tafuta bajaji au gari, alale ubavu. Mpeleke hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala, iliyo karibu.

Usidanganyike akipata nafuu. Ule mtambaazi wa mkalamu wenye maua mekundu na manjano yaliyopinda kama ndimi za moto una sumu iitwayo kolchisini. Siku ya kwanza ni kutapika na kuharisha, kisha mtu anaonekana ametulia, na siku ya pili au ya tatu viungo vya ndani vinaanza kufeli kimoja kimoja. Sumu za ini nazo hukaa siku kadhaa kabla macho hayajawa ya njano.

Anayebaki nyumbani asioshe vyombo. Chupa yenye mabaki ifungwe kama ilivyo. Makapi ya kwenye chujio yatiwe kwenye kikopo kisafi. Tawi likatwe likiwa na jani, na ua au tunda kama lipo, lifungwe kwenye gazeti, maana kwenye mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuvunda kabla halijamfikia anayeweza kulitambua. Pigwe picha ya mmea mzima uliposimama. Na kwenye kipande cha karatasi iandikwe saa aliyokunywa, kiasi kwa kijiko au kwa glasi, umri, uzito uliopo kwenye kadi ya kliniki kama ni mtoto, na dawa nyingine zote anazotumia. Karatasi hiyo apewe anayempeleka mgonjwa, na vile vilivyofungwa vifuate nyuma.